Ndege Isiyo na Injini

Ng'ombe ndio waliosikia kwanza. Tulikuwa kwenye mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, upande wa Gehandu, na mara wote wakainua vichwa. Nikasikia mvumo mwembamba, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, halafu kivuli kikatupita miguuni. Juu kulikuwa na ndege nyeupe yenye mabawa marefu mno, haina injini wala moshi. Ilizunguka palepale tai walipokuwa wakizunguka, na mimi mchungaji nilijua tai hazunguki bure. Nilikuwa darasa la saba, na niliogopa kweli.

Walikuwa wageni wa klabu ya urukaji, wamepiga mahema karibu na Nangwa, wakivutwa angani kwa kamba ndefu. Viongozi wa kijiji walisema wamekuja kucheza tu. Kucheza! Watu wazima wakokote ndege kwenye trela kutoka mbali, waje kucheza juu ya ng'ombe wetu? Mnadani walishasema ina kamera tumboni, inahesabu mifugo ili tuamriwe kuipunguza. Siku ya pili baba aliitazama mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akaamua kutawanya ng'ombe kwa marafiki. Kwetu ni jambo la kawaida: rafiki anakutunzia, anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wako, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione. Hakuna karatasi.

Mtamba wangu alikuwemo. Baba aliniahidi kwamba nikifaulu huyo ndiye atakayeuzwa, nipate sare na godoro la bweni. Alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni. Alipelekwa Hirbadaw kwa Mzee Tluway, rafiki wa baba tangu ujana wao. Nilimsindikiza hadi korongoni, nikalia njia nzima ya kurudi.

Siku ya tatu ile ndege ilikosa hewa ya kuibeba, ikatua shambani kwetu kimya, ikilaza mabua. Akashuka dada mmoja mwembamba, Mtanzania kabisa, midomo imepasuka kwa jua. Akamwamkia baba shikamoo, akaomba maji. Baba akampa, lakini hakumpa kiti, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Hewa ya moto, baba. Ikipanda, inanipandisha. Tai ndio wananionyesha ilipo."

Baba akanitazama, kana kwamba ananiuliza nimesikia uongo huo. Nami niliizunguka ndege nzima nikitafuta kamera. Tumboni kulikuwa na gurudumu moja, na ndani mto na chupa tupu. Sikuamini hata hivyo. Nilijua tu ameificha. Kesho yake walifungasha wakaondoka, na hakuna aliyekuja kuamuru lolote.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Wiki hiyohiyo, kabla hatujamfuata mtamba, Mzee Tluway alikuja na ngozi begani. Alihuzunika sana, hata chai alikataa. Nikaikunjua uani, nikaigeuza huku na huku. Ilikuwa nyekundu tupu.

"Baba, baka liko wapi?"

Baba alinikemea mbele ya mgeni. Akasema ngozi ikikauka hubadilika, na kwamba rafiki yake hapekuliwi na mtoto. Kisha akamletea kiti. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikichunga wakati wenzangu wako kidato cha kwanza, na mwaka huo nilimchukia baba, nasema wazi.

Mwaka huu wageni wa namna ile wamerudi. Siku hizi kila kijana ana simu ya kupiga picha, hakuna anayeshtuka tena, isipokuwa baba. Amezeeka na macho yamepungua, ila mvumo ule bado anausikia. Juzi nilikuwa nakamua kivuli kilipopita uani. Alishika fimbo akasimama, akaniambia niache, tuwatoe ng'ombe upesi tukawafiche.

"Tuwafiche kwa nani, baba?"

Aliinua uso kuelekea ule mvumo, akausikiliza mpaka ukapotea upande wa mlima. Halafu akaketi taratibu, akailaza fimbo miguuni.