Kidole Kilichokubali Bila Mimi

Nilikuwa na mdomo. Hakuna mtu wa Kizuka atakayelipinga hilo. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kambini Tanzania na hapa, watoto niliowafundisha sasa wana watoto wao, na hata leo mwanaume mzima mwenye ndevu akikutana na mimi barabarani anaficha sigara. Fimbo sikuwa nayo. Nilikuwa na ulimi, na huo ulitosha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba Mungu aliponiumba alianza na mdomo, akachoka, vingine akavimalizia harakaharaka.

Kiharusi kilinikuta asubuhi nikisuuza vikombe. Kimoja kilianguka, nikakitazama kilivyovunjika, nikataka kumwita mwanangu aje aniangalie. Kilichotoka kinywani ni "sabuni". Nikajaribu tena. Sabuni, sabuni. Mwanangu alitoka ndani akicheka, akidhani namtuma dukani, kisha akauona uso wangu. Pikipiki haikupatikana. Alinibeba mgongoni, na uzito wangu huu, kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami, ndipo tukapata gari la kwenda Rumonge mjini. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamchukia. Ni yeye aliyenibeba.

Hospitalini daktari alichukua sindano akanichoma kidole gumba cha mkono wa kulia. Sikushtuka. Akachoma tena, damu ikatoka tone moja, nikaitazama kama damu ya mtu mwingine. Aliyeruka ni mwanangu, aliyekuwa amesimama kichwani pa kitanda. Daktari akamweleza taratibu kwamba akili yangu iko pale pale, kuelewa naelewa yote, ila maneno yamevurugika njiani. Yatarudi polepole, akasema, lakini nipewe muda, nisikatizwe, nisisemewe. Mwanangu akaitikia kwa lugha ya kwetu: ego dokta, ego dokta. Sijui alikuwa anasikia nini.

Maana tangu siku tuliyorudi nyumbani alinisemea kila kitu. Nikifungua mdomo tu, yeye ameshamaliza. Mama anataka maji. Mama anasikia baridi. Mama amechoka, wageni mtusamehe. Nilikuwa sijachoka! Nilikuwa natafuta neno, nimelishika mkia, na yeye analifukuza. Wanawake wa kanisani walikuja kuniombea, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akasema huenda Mungu ameamua kuupumzisha ule mdomo. Nilimjibu. Bahati yake jibu lilitoka "kabichi".

Lakini kibaya kuliko vyote kilikuwa ego na oya. Nikitaka kusema ego, yaani ndiyo, inatoka oya. Nikitaka oya, yaani hapana, inatoka ego. Na si kila mara, hapo ndipo penye uchungu, kwani ingekuwa kila mara watu wangezoea. Mama, unataka chai? Ego. Chai inaletwa, sikuitaka. Mwaka ule nilikunywa chai ya kutosha kuogea.

Kukaa sikuweza. Waliniwekea kiti mlangoni, nikae nione wapita njia, nikakichukia kile kiti kuliko ugonjwa. Nilitoka kitandani nikaenda mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, jikoni mpaka kwenye michikichi, mguu wa kulia ukifuata nyuma ukikwangua vumbi. Nikifika mwisho wa shamba narudi. Nikirudi naona hakuna nilichokuja kufanya, naenda tena. Kuku walinizoea. Njiani nikikutana na mtu, ananisalimu amahoro, na mimi namkazia macho tu, yeye anapita akiwaza kwamba mwalimu bado ana kiburi. Basi nikaanza kupita katikati ya michikichi, kusikokuwa na mtu wa kunisalimu.

Mtu mmoja tu sikumkimbia, naye ni jirani yangu wa chini, mjane aliyetoka upande wa Congo, kule Baraka. Lazima nieleze alivyokuwa jirani. Mimi na mume wangu tuliporudi kutoka Tanzania, baada ya maisha yote ya ukimbizini, tulimkuta yeye na mume wake wamekaa kwenye nusu ya shamba la baba mkwe wangu, ile nusu inayoshuka ziwani. Waliuziwa na mtu ambaye shamba halikuwa lake. Mwaka mzima hatukusalimiana. Mimi ndiye niliyetukana zaidi, na nilitukana vizuri. Kisha mume wake akaugua, na mume wangu, mtu mkaidi kama nini, akashuka kwenda kumtazama, akakaa huko mpaka jioni. Kesho yake tulienda sote wanne tukapanda miti ya manyara kwa mstari, kufuata mtaro. Kutoka mtaroni kwenda barabarani ni kwetu. Kutoka mtaroni kwenda ziwani ni kwao, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuzikwa. Yule mgonjwa alizikwa pale pale baada ya majuma machache.

Mume wangu alitaka twende kwenye zone, ofisi ya serikali, tukaandikishe. Nani alimzuia? Mimi. Nilimwambia maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Karatasi ya nini? Mimi niko hai, na nina mdomo." Wakacheka wote. Mume wangu naye akaja kufa, na mwanangu wakati ule wa kupanda alikuwa bado Kigoma kwa mjomba wake akimaliza shule. Yeye alijua tu kwamba yule mama analima pale kwa huruma yetu. Sikuwahi kumkalisha nikamweleza. Niliona nina muda.

Sasa mwanangu alikuwa ameposa, na mchumba anasubiri nyumba. Mahali pazuri pa kujenga ni kule chini, karibu na maji, na karibu na maji ndipo alipo jirani. Siku moja alikuja na karatasi aliyoichapisha mjini. Akapiga magoti mbele ya kiti changu, kwa heshima, akanisomea kwa sauti: kwamba shamba lote, toka barabarani hadi ziwani, ni la familia yetu, na hakuna mtu aliyewahi kupewa sehemu yake. Akaniuliza kama ni kweli.

"Ego," nikasema.

Nilisikia lilivyotoka. Nikasema tena, kwa nguvu, ego, ego, ego, nikipiga paja kwa mkono wa kushoto. Kadiri nilivyokataa ndivyo nilivyokubali. Akanipoza, akasema naona Mama, nimeelewa, usijichoshe. Akatoa kidau cha wino wa bluu, akaushika mkono wangu wa kulia, akakichovya kidole gumba na kukikandamiza chini ya yale maneno. Mimi, niliyefundisha nusu ya mlima huu kuandika majina yao, nikapigishwa kidole kama mtu ambaye hajawahi kuona ubao. Na nilikuwa nikitazama tu, maana kidole chenyewe hakikuniambia kitu.

Jirani hakujua. Alikuja kesho yake kama kawaida, na kikapu cha chikichi, akakaa chini akaanza kuzipukuchua kutoka kwenye mkungu. Huyo ndiye aliyekuwa daktari wangu, na hakuna aliyemtuma. Alishika kijiko, akaninyamazia. Akashika chumvi, akaninyamazia. Angeweza kupukuchua mkungu mzima akisubiri nimtajie kitu kimoja, na nikikosea hakucheka, wala hakunipa jibu. Siku nilipotupa kijiko ukutani kwa hasira, aliinuka akakiokota, akakifuta kwa kitenge chake, akakaa tena. "Mwalimu, miye sina mbio," akasema. "Mafuta haiivake juu ya kuiita." Yaani mafuta hayaivi kwa kuyaita.

Ile siku nilimshika mkono nikamvuta mpaka mtaroni. Nilitaka kumwonyesha mstari wa manyara, nimwambie kuna karatasi, kuna kidole, wanakuja. Nikasema kikapu, nikasema jumapili. Yeye akaona ninataka kutembea, basi akatembea na mimi, kwenda na kurudi, akinisifia mguu ulivyopata nguvu. Nililia. Akadhani ni furaha.

Nikajichagulia neno moja. Tuliwapa. Hilo tu. Mtu akiniuliza, nisipite kwenye ego wala oya, niseme tuliwapa. Nililitembeza shambani asubuhi na jioni. Mbele ya kuku lilitoka, mara bovu, mara nusu, kisha zima. Mbele ya mtu liliponyoka. Hata mbele ya jirani liliponyoka, akaniambia tutalipata tu, hata bila kujua ni lipi.

Mwanangu alipigilia vigingi kule chini na kufunga kamba, ndipo jirani alipojua. Hakupiga kelele. Alienda kwa wazee wa mlima, wale bashingantahe, akawaomba waje wasikilize. Wakaja siku ya Jumamosi, wazee wanne, tukasimama wote mtaroni. Jirani alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipoulizwa ushahidi wake, alinielekezea mimi mkono. "Mwalimu na bwana yake ndio walitupatia. Bwana yake amekufa, wangu amekufa. Yeye mwenyewe iko hapa, mumuulize."

Mwanangu akatoa karatasi. Mzee mkubwa akaisoma mpaka chini, akautazama ule wino wa bluu, kisha akanigeukia. Akauliza kama mimi na marehemu tuliwapa hawa sehemu hii ya shamba.

"Oya," nikasema.

Mzee akashusha pumzi. Nikatikisa kichwa, nikapiga mguu chini, nikasema oya mara sita au saba, na mzee mwingine akasema jamani mwacheni mgonjwa, amejibu. Mwanangu akainama akasema kwa upole kwamba wamesikia wenyewe, Mama amechoka, arudi nyumbani. Jirani alikuwa ananitazama. Hakuniomba kitu. Alisimama vilevile anavyosimama na kijiko mkononi, akinisubiri, na nyuma yake lilikuwa kaburi la mume wake na pale pembeni ya kaburi palipoachwa wazi kwa ajili yake. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena. Mdomo wangu wote ule, kelele zote zile, na mwanamke huyu atazikwa wapi?

Kuti kavu la mchikichi lilikuwa limelala mtaroni. Nikainama nikavunja mwiba mmoja kwenye shina lake, miiba mirefu ile ambayo ikikuingia unalala na homa. Nikaubeba mkono wangu wa kulia, nikauweka juu ya ile karatasi, mikononi mwa mzee. Kisha nikakichoma kile kidole gumba. Nikauzamisha mwiba, nikauacha umesimama humo.

Wazee walirudi nyuma. Mmoja aliguna. Mimi sikukunja hata uso. Damu ikashuka taratibu, ikaingia kwenye wino wa bluu. Nikamgeukia mwanangu na kumkazia macho, nikamwinulia kile kidole na mwiba wake, kwa maana yeye peke yake pale alikuwepo siku ya sindano. Nikaona anakumbuka alichosema daktari: nipewe muda, nisisemewe. Alinisogelea, akauchomoa mwiba, akakifunga kidole kwa pindo la shati lake jeupe, akakishikilia.

Akaniambia, "Mama, sema wewe."

Kisha akanyamaza. Mzee mmoja alikohoa akataka kuongea, mwanangu akamwinulia kiganja. Nilianza, ikatoka jumapili. Hakunimalizia. Nikaanza tena, ikatoka kitu ambacho si neno la lugha yoyote. Hakunimalizia. Simu ya mtu iliita, ikazimwa. Miguu ilikuwa inaniambia niende, nizunguke, nirudi, nikaizuia. Toka niugue ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kunisubiri, na sikujua hata nitazame wapi.

"Tuliwapa," nikasema. "Baba. Mimi. Tuliwapa."

Mwanangu alishuka akang'oa vigingi vyake mwenyewe, kimoja kimoja, akavifunga kwa ile kamba. Siku tatu hakuongea na mimi, na mimi sikuweza kuongea naye, kwa hiyo tulikuwa sawasawa. Nyumba ameijenga huku juu. Mke wake analalamika kwamba maji yako mbali, na ana haki, yako mbali.

Maneno yanarudi. Jina la mjukuu linanipotea, namwita kwa majina ya wanafunzi wangu wa zamani, na nikikasirika bado kabichi inatokea. Bado natembea, kukaa sijajifunza. Majuzi nilishuka kwa jirani nikamkuta anakamua mawese. Nikamwambia kwa maneno yangu machache, nikipumzika kati ya moja na jingine, kwamba Jumatatu tunaenda kwenye zone, mimi, yeye na mwanangu, tukaandikishe shamba. Nitasaini kwa mkono wa kushoto. Nimefanya mazoezi kwenye daftari, herufi zinalegea lakini jina linasomeka.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Karatasi ya nini, Mwalimu?" akasema. "Weye uko muzima, na mudomo imesharudia."

"Oya," nikamwambia, na safari hii nilimaanisha oya.