Bwana Harusi Mmoja, Kazi Nne

Kwetu Wakongo, siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina mchumba, bwana harusi hafungui mdomo. Anavaa vizuri, anaketi, anatazama zulia, na msemaji wa familia ndiye anayemwelezea kana kwamba hayupo. Utaratibu huu unawafaa watu wenye kazi ya neno moja: fundi umeme, mwalimu, mlinzi. Kwangu ulikuwa balaa.

Msemaji wangu alikuwa mjomba, ambaye anatengeneza simu katikati ya mji wa Durban na hana shaka na jambo lolote duniani. Aliniita dukani kwake kabla ya siku yenyewe, akaweka bisibisi chini.

"Bon. Wakiniuliza unafanyaka kazi gani, niseme nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia mimi ni msanii huru wa fani mbalimbali.

"Msanii, watasema iko na njaa. Huru, watasema hana kazi. Fani mbalimbali, watasema hajui hata moja." Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazama simu iliyotumbukia chooni. "Utakuwa mupiga-picha. Sharp?"

Nikasema sharp, sawa. Ningefanyaje? Nilimpenda yule binti kiasi kwamba ningekubali hata kuwa daktari wa meno. Na uongo haukuwepo, picha napiga. Ila pia nachora kuta za saluni, natengeneza video za kwaya, na watu wakifiwa nawarekodia tangazo la msiba la kusambaza WhatsApp, maana nimejaliwa sauti nzito ya huzuni ambayo sijui niliirithi kwa nani. Tulichosahau, mimi na mjomba, ni kwamba Wakongo wa Durban wote wanajuana.

Basi tukafika nyumbani kwa kina binti, Cato Manor, sebule imejaa wakwe. Mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba kijana wetu ni mpiga picha na hajawahi kutamani kazi nyingine.

"Tonton, hapana," shangazi wa binti, mwenye saluni mjini, akamkatiza mjomba. "Huyu njo alichoraka ukuta yangu. Wale wanawake wa kusuka nywele."

"Ukuta gani?" akadakia mama wa binti. "Huyu ni wa video. Alikuja kanisani, akatukata kichwa sisi bote ba soprano."

Nikazidi kulitazama zulia. Baba wa binti akainama kuniona usoni.

"Si njo huyu alirekodi tangazo ya kilio ya mukubwa wangu?"

Mjomba akafungua kifungo cha koti, akaketi.

"Mulisema munaleta bwana harusi moja," baba akaendelea, akimwonyesha mjomba vidole vinne. "Naona munaleta bane. Na miye iko na binti moja."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Nikaogopa kwelikweli. Mtu anayeficha kazi zake, anaficha na nini tena? Shughuli ikiingia shaka namna hiyo, wageni hunyweshwa soda, husindikizwa mpaka mlangoni kwa tabasamu, na simu hailii tena.

Binti akaitwa. Ndiyo desturi, lazima aulizwe mbele ya wote kama anamfahamu mgeni. Akaja, akapiga goti kidogo.

"Unamujua huyu?"

"Ndiyo, Papa."

"Yupi?"

"Bote bane." Naye akahesabu kwa vidole. "Picha, ukuta, video, kilio, hakuna kitu anapelekeaka watu bila kunionyesha kwanza. Ile ya Baba Mukubwa alirudilia kusoma mara mingi, sababu alikuwa analia. Hakumujua hata, Papa, lakini alikuwa analia."

Sikujua kama siku ile aliniona nikilia. Baba yake alijifuta uso kwa kiganja, taratibu, kisha akamgeukia mjomba.

"Tonton, simama tena. Utaje zote."

Mjomba akasimama, akavuta koti. "Kijana yetu anapigaka picha," akaanza. "Anachoraka. Anatengenezaka video." Alizitaja zote kwa majivuno, kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, kisha akaongeza na kinanda, chombo ambacho sijawahi kukigusa, na mimi nilikuwa nalia kiasi kwamba hata ningeruhusiwa kusema nisingemkanusha.