Tulivyolichezesha Daraja Nyapara Akiwa Katikati

Kosa ni langu. Msinitafutie udhuru, na anayetaka kunihurumia ageuze ukurasa!

Niliacha shule mapema nikawa mtu wa kuhamahama: Naivasha, Gilgil, Molo, popote penye kibarua. Mwaka huu nikafika chuo kimoja cha kilimo upande wa Njoro, nikapata kibarua cha kubeba maziwa na magogo pamoja na wenzangu kadhaa. Kati ya zizi la ng'ombe na mabweni ya wanafunzi kuna korongo, na juu yake daraja la miguu, mbao zilizoning'inizwa kwa nyaya za chuma. Nililipenda kuliko mtu yeyote pale. Nilikuwa nikiziwekea nyaya sikio nisikie zinavyovuma mtu akipita.

Nyapara wetu, Mzee Barasa, alitukataza kuvuka kwa kundi tukikanyaga pamoja.

"Kwa nini, Mzee?"

"Kwa nini, kwa nini! Wewe ni mwanafunzi hapa? Beba maziwa!"

Wenzangu wakacheka. Loo, nilimchukia! Nikasahau kwamba ni yeye aliyenipokea nikiwa sina barua ya sifa ya mwajiri yeyote, akanilaza jikoni kwake.

Asubuhi moja alitangulia na debe la maziwa begani. Alipofika katikati nikawaambia wenzangu, "Leo tumchezeshe ngoma huyu." Tukaingia darajani, nikaanzisha wimbo wetu wa kubebea magogo, ule wa miguu kushuka pamoja. Nilitaka aogope. Na nilitaka kuona, jamani, daraja litafanya nini!

Liliinuka mbele yetu kama shuka inayokung'utwa.

"Acheni miguu!" alilia. "Acheni, wanangu!"

Wenzangu wakaacha. Mimi nikaendelea kukanyaga. Kidogo tu, nione.

Debe likaenda korongoni. Barasa akaanguka, mkono umebanwa kati ya waya na ubao. Tulipomtoa, vidole vyake havikuwa vidole tena.

Meneja akaja, akauliza nani amelitikisa daraja. Wote wakanitazama, wakangoja.

Nikasema, "Alikuwa amelewa, bwana."

Barasa, asiyeonja hata busaa ya arusi!

Akafukuzwa. Nyumba ilikuwa ya chuo, ikachukuliwa. Mkewe akajitwika vyungu, watoto wakafuata na kuku. Barasa akanipita getini, mkono umefungwa gunia. Nilingoja anilaani. Heri angenilaani!

"Haya," akasema. "Umeona?"

Tangu hapo hakuna aliyekula nami sufuria moja. Nikiingia, wanatoka. Nikaenda kwa meneja nikamwambia kweli yote. Hata kalamu hakuiweka chini. "Mambo hayo yamekwisha. Rudi kazini." Nimeondoka. Niko barabarani tena, na safari hii sina hamu ya kuona kitu.

Nyinyi vijana mnaojiona wajanja, sikilizeni! Ukitaka kujua kitu kinavunjika vipi, simama wewe katikati yake. Na ukiulizwa, sema siku hiyo hiyo, mkosewa angali ana mlango wa kurudia. Mimi ninayo kweli yangu yote hapa mdomoni, na hakuna anayeitaka.