Chungu cha Sikudhani Hakikuonjwa

Sikudhani binti Bashiri hakuwa mtu wa kuinamia mtu. Mumewe alifia njiani chini ya mzigo wa Wadachi. Kaka zake walipomwita arudi kwao, alikataa kata kata. Akajenga banda chini ya boma la Kondoa, akawa anawapikia wapagazi ugali wa uwele na mchuzi wa mbuzi.

Hata hivyo ukoo haukumtupa. Wazee waliweka neno: mgeni akiungua kwa moto wa Sikudhani, ukoo utalipa. Mzigo ukiibwa bandani, ukoo utalipa. Chakula kikimdhuru mtu, ng'ombe watatoka, ili mama wa watu asitiwe mnyororo bomani. Ila hilo la chakula lilikuwa na sharti lake: mpishi aonje mbele ya mgeni, ndipo mgeni ale.

Siku zote alionja. Siku ile banda limejaa, mpagazi mmoja, Khamisi, akasukuma sahani. "Onja kwanza, mama, nikuone!"

Wenzake wakacheka. Sikudhani akaona anafanywa mchezo.

"Unaniogopa? Basi nenda Kolo ukale wale wanyama waliochorwa maweni. Hao hawana sumu!"

Kicheko kikamgeukia Khamisi. Kwa aibu akala, akafuta sahani kwa kidole.

Jua halijapinduka, Khamisi yuko mkekani, povu mdomoni, anaguna kama mnyama. Wenzake, wazima wote, wakakimbilia bomani kushitaki.

Habari ikafika kwa ukoo; Athuman, mdogo wake Sikudhani, akaja na wazee, ng'ombe wanaswagwa nyuma yao.

"Shikamoo, dada. Ulionja mbele yake?"

Jirani yake Batuli akamfinya. "Sema ndiyo, mwenzangu. Neno moja tu!"

Nani angembishia? Khamisi hakuwa na ulimi tena, na wenzake walikuwa bomani.

"Sikuonja," akasema Sikudhani. "Mimi ni mpishi, si mwizi wa kuapishwa kila siku."

"Dada, siwezi kuwadanganya wazee hawa."

"Nani kakuomba?"

Athuman akawageuza ng'ombe. Wazee wakamfuata, wala hakuna aliyeaga.

Ndani, kule kuguna kukakoma. Batuli akachungulia, akarudi amejiziba mdomo kwa kaniki yake.

Sikudhani alikuwa akitazama mlimani, askari wawili wakishuka njia ya boma, polepole, kama watu wasio na haraka.