Lijamu la Farasi wa Shemeji

Mume wangu aliponileta Wamaza aliniambia tungekaa kwa mama yake msimu mmoja tu wa mpunga. Angechimba dhahabu ya kutosha kununua ng'ombe, kisha turudi kwetu Masisi, milimani, alikonioa. Nilimwamini, kwa sababu yeye mwenyewe alijiamini. Baadaye chimbo likakauka, akasikia habari ya jingine mbali zaidi, akaenda. Mwanzoni alituma salamu kwa waendesha pikipiki. Halafu salamu zikakoma. Mimi nikabaki katika ua wa mama mukwe na binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Mama mukwe hakunipiga wala kunitukana. Tulitwanga sombe, majani ya mihogo, katika kinu kimoja, tukala sahani moja. Lakini kila nilipomwomba ruhusa niende kumsalimia baba yangu, jibu lilikuwa lile lile.

"Muke wa mutu haendi safari bwana yake hayuko," alisema. "Ukitaka kwenda, enda. Mutoto ni wa kwetu."

Mahari ilikuwa imelipwa yote, na mbele ya watu. Hakuna mtu pale Wamaza ambaye angesema mama mukwe anakosea. Usiku mtoto alilala chumbani kwa bibi yake, si kwangu. Nilipokwenda mtoni nikakawia kidogo, nilimkuta amesimama kwenye kona ya ua, mtoto mgongoni, anaangalia njia.

Shemeji, kaka wa mume wangu, alikuwa anauza chumvi, sabuni na vitenge kwa wachimbaji wa upande wa Lusangi. Mvua zikianza, pikipiki yake ilizama kwenye matope hadi injini. Basi siku moja wachungaji walioteremsha ng'ombe kutoka nyanda za juu walipita wakielekea Kasongo, na walikuwa na farasi mmoja mfupi, wa kahawia, kifua kipana kama mlango. Walikuwa wamechoka naye. Shemeji akawapa mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya nyumba yake, akamchukua farasi pamoja na tandiko na hatamu zake. Watu walikuja kumwangalia tangu asubuhi. Wazee walisema mbung'o watamuua. Shemeji hakuwasikiliza.

Mimi farasi niliwajua. Baba yangu alichunga ng'ombe kwenye shamba kubwa, na huko walifuata ng'ombe milimani kwa farasi. Nilipanda tangu utotoni mpaka mama aliponikataza. Lakini Wamaza hakuna aliyeniuliza, na nilikuwa nimezoea kutoulizwa.

Siku ya kwanza ya safari, farasi alirudi peke yake. Shemeji alifika baadaye kwa miguu, matope mpaka masikioni.

"Ule farasi iko na nguvu kupita pikipiki," alisema akikaa kwenye kibao. "Kwenye mifereji hanisikii kabisa. Mimi navuta, yeye anavuta zaidi, halafu anaruka namna anavyotaka."

Njia yetu wakati wa mvua huwa hivi: maji yanaikata, magogo yanaanguka, na madaraja yanabaki na mbao chache. Farasi asiyeruka hafiki popote. Shemeji alikwenda kwa fundi chuma akatengenezewa lijamu jipya, kile chuma cha mdomoni. Lilikuwa na mikono mirefu pande zote mbili na mnyororo wa kupita chini ya kidevu. Ukivuta kidogo tu, mnyororo unabana taya. Kweli, farasi alianza kusimama. Lakini kwenye mfereji alipojitupa juu, shemeji aliogopa akavuta, na chuma kikamkamata hewani. Baada ya siku chache farasi alikataa kuruka. Akiuona mfereji alisimama kwa miguu ya nyuma.

Nilikuwa nampa maji nikaona povu lake lina damu.

"Shemeji, unamwumiza," nikasema.

"Weye unajua farasi?"

"Nimekulia nao."

Akamwangalia mama yake. Mama mukwe alikuwa anapepeta mpunga na hakuinua kichwa.

"Kama anajua, asaidie," alisema. "Mutoto atabaki na mimi."

Nilidhani tatizo ni mkono wa shemeji tu. Nikarudisha lijamu la zamani, lile la wachungaji, lenye kiungo katikati, nikavaa suruali ya shemeji, nikafunga kitenge juu yake, nikapanda mbele ya watu wote. Farasi akatupa kichwa juu, akachukua mbio katikati ya shamba la mihogo, akaruka gogo, na mimi nikabaki upande wa huku wa gogo. Wanawake walinicheka mpaka wakashika viuno. Na mimi nilicheka, ingawa bega liliniuma wiki nzima.

Ndipo nilipofanya nililopaswa kuanza nalo. Nikaingiza vidole mdomoni mwa farasi, pale kwenye ufizi usio na meno. Ulimi wake ulikuwa mnene, na kaakaa lilikuwa chini. Juu, katikati, palikuwa na kidonda. Lijamu lenye kiungo likivutwa hujikunja, na ncha ya kiungo ilikuwa inamchoma pale pale. Alikuwa anakimbia maumivu, na kadiri nilivyomvuta ndivyo nilivyomwongezea.

Tulimwacha apone. Mimi nikaenda kwa fundi chuma, mzee mpole aliyetumia vyuma vya malori yaliyokufa.

"Nataka chuma kimoja tu, bila kiungo," nikamwambia. "Kinene kama kidole gumba. Kipinde kidogo, ulimi upate nafasi. Na pete mbili pembeni."

"Na mikono mirefu?"

"Hapana. Pete tu."

"Kwa farasi ya nguvu vile? Mama, atakuua."

"Alikwisha jaribu."

Aliguna, akaanza kazi. Wazo la mpira lilikuwa lake, si langu. Alipomaliza kusugua chuma alikishika akasema kitakuwa baridi asubuhi, akakata mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akaukaza juu yake vizuri, bila mshono wa kukwaruza.

Siku niliyomvalisha, farasi alilitafuna muda mrefu kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Nililipandisha mpaka pembe za mdomo zikakunjamana kidogo, lisicheze wala lisibane. Kwanza tulizunguka ua tu. Bado alivuta, kwa sababu nguvu zake hazikwenda popote, lakini niliomba kwa hatamu, nikaachia, nikaomba tena, na hakuwa na kitu cha kugombana nacho. Kisha ufito chini. Kisha gogo dogo. Kwenye mfereji nilimpunguza mwendo mapema, tukiwa bado mbali, halafu nikapeleka mikono mbele nikashika manyoya ya shingo nimwachie kichwa chote. Akaruka. Alipotua nikafunga vidole kidogo tu, na akanisikia.

Shemeji alijaribu naye, lakini uoga ulikuwa umeshamwingia. Hivyo nikawa mimi ninayepeleka bidhaa Lusangi, yeye akifuata kwa miguu na wabebaji. Watu walianza kuniita mama wa farasi.

Siku moja wabebaji walichelewa nami nikafika peke yangu kwenye njia panda, ule upande unaokwenda Kasongo, njia ya kurudi kwetu. Kulikuwa kumekauka kidogo. Farasi alikuwa mzima, tandiko lilikaa vizuri, na hapakuwa na mtu katika eneo lile ambaye angeweza kunifikia. Nikaipita nyumba ya mwisho. Tukaruka mfereji mmoja, tukaruka wa pili. Asubuhi hiyo mama mukwe alikuwa amemfunga binti yangu mgongoni, ingawa mtoto alikuwa sasa anakimbia. Alinisindikiza hivyo mpaka nje ya ua, akasema safari njema.

Nilimsimamisha farasi. Akainamisha kichwa akala majani. Sikulia, nilikasirika tu, na hata leo sijui nilimkasirikia nani zaidi. Kisha nikageuka. Wabebaji waliponikuta njia panda waliniuliza kama nimengoja sana.

Mvua zilipokaribia kwisha, mwendesha pikipiki alileta habari: mume wangu ameoa huko aliko, na yule mwanamke ameshazaa. Ukoo ukakaa barazani. Wakasema shemeji anirithi, jambo liishe. Shemeji alitazama viatu vyake.

"Mimi nilihitaji mutu wa farasi," alisema. "Sikuhitaji muke wa pili."

Wengine walicheka. Mama mukwe hakucheka.

"Basi aende kwao," akasema. "Mutoto abaki."

Wote wakaningoja mimi.

"Siendi bila mutoto," nikasema. "Na siolewi. Mama, fanya unavyotaka."

Aliinuka akaenda jikoni. Kesho yake aliita vijana wasafishe kiwanja nyuma ya banda la farasi, wakanijengea nyumba ya chumba kimoja. Siku ilipoezekwa, aliniletea mkeka wa binti yangu umekunjwa, akauweka mlangoni.

"Analala na weye," alisema, akaondoka.

Farasi alikufa kiangazi kilichofuata. Alikonda, macho yakatoa machozi, akaacha kula, kama wazee walivyosema. Shemeji alinunua pikipiki nyingine. Barabara za kwenda kwetu Masisi zimefungwa na vita, kwa hiyo sasa hata ruhusa ikija, sina pa kuipeleka. Asubuhi binti yangu anakwenda shule, nami nakwenda shamba la mpunga. Mama mukwe anapita njia ya chini kwa sababu ya magoti yake. Tunakutana kwenye jaruba, tunapalilia mpaka jua linapokuwa kali, na hatuzungumzi juu ya mwanawe.