Noko Kitsa na mupiga kelele wa kisigino

"Noko, wewe kazi yako ni gani?"

Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, avenue yetu nzima inachimba mufereji, na noko Kitsa, kaka ya mama, amesimama juu ya jiwe, mikono mufukoni: "Chimbeni! Endeleeni!" Siku zingine aliuza viazi vya Masereka kwa sauti ileile. Akaendelea tu kupiga kelele. Na watu, sijui kwa nini, walichimba mpaka wakaingia jikoni kwa jirani yetu Mama Godelive, wakatokea upande wa pili. Sombe yake, majani ya muhogo, ilikuwa ingali motoni. Hakuna mutu aliyekuwa amewaambia wasimame.

Mwaka jana doa jeusi likatokea kwenye kisigino chake, likapanuka. Docteur Xavier, mutu wa Kasaï aliyetumwa huku, akapimisha kipande cha doa hilo, akasema: kansa ya ngozi, ikatwe mbio kabla haijasambaa.

Noko akakataa. "Hata haiumi! Kitu haiumi, itanifanya nini?"

Docteur akageukia mimi, mwanafunzi wa biologie-chimie niliyejaa maswali. Akaeleza kwamba ndani ya seli kuna nyuzi zinazoitwa ARN, wengine wanasema RNA. Nyingine zinabeba maagizo ya kujenga protini. Nyingine, ndefu, hazijengi protini yoyote. Lakini watafiti wameona kwamba katika kansa hii baadhi yake zinasukuma seli ziongezeke tu.

"Hazibebi hata tofali?" nikauliza.

"Hata moja."

"Zinapiga tu kelele?"

"Bon... tuseme hivyo."

Noko akaangalia kisigino chake kama mutu anayeangalia jirani mupya aliyefanana naye sura.

"Docteur, unanitukana?"

"Mais hapana, papa! Hata sikujui."

"Basi ni mubaya sana. Huyo atafika jikoni." Akavua viatu vyote viwili, akalala, akanyosha muguu mumoja. "Kata!"

"Muguu huu ni muzima, papa."

"Kata ule mwingine, donc!"

Walikata lile doa, kisigino kikapona pole pole. Juzi alikuja salongo na fimbo, akakaa juu ya kiti, anaangalia mufereji. Tulichimba. Tulipokaribia ukuta wa Mama Godelive, mwenyewe alikuwa tayari mulangoni, sufuria kifuani.

Noko akainua fimbo: "Basi! Simameni!"

Avenue nzima ikasimama. Jirani mumoja, Kakule, aliacha jembe hewani. Noko akanigeukia.

"Wee mutoto, uliniulizaka kazi yangu. Ni hiyo."