Timu ya Agustino Akonaay

Kule Maretadu, mtu akitaka shamba lake lilimwe kwa mistari iliyonyooka, humwendea Agustino Akonaay na maksai wake wanne. Mzee huyu wa miaka sitini na minne ana maneno mengi kwa ng'ombe na machache mno kwa watu. Kwa binti yake Marieta hakuwa nayo kabisa.

Si kwamba waligombana. Marieta anafundisha shule ya msingi huko Tunduru, safari ya siku mbili. Mama yake, Fransiska, alipofariki mwaka jana, binti alifika jeneza limeshafungwa. Hakuuliza kitu, na baba hakueleza. Tangu hapo simu zao zikawa shikamoo, marahaba, mvua vipi huko, halafu kimya kinachouma.

Siku ya kuondoka msibani, Marieta aliweka gemu kwenye simu ya baba yake. Ni gemu la watu wenye kazi nyingine: unachagua watu wanne, kila mmoja na kazi yake, unawapanga mstari, kisha unatia simu mfukoni na kwenda kulima. Wao wanapigana na mazimwi wenyewe. Jioni unafungua kuona wamefika wapi.

"Ukifika hatua ya ishirini, baba, tutacheza timu moja," alimwambia. "Nakushikia nafasi."

Agustino akachagua kama mtu aliye mnadani, nusura awafungue midomo awahesabu meno. Alichukua mwenye ngao, akachukua mpiga mishale. Wa tatu alikuwa na fimbo ya kurusha moto. Gemu linamwita mchawi, lakini Agustino ni mzee wa kigango kanisani, hawezi kutembea na mchawi mfukoni. Akamwita fundi wa moto, yakaisha. Wa nne alikuwa mganga, mama mwembamba mwenye kibuyu cha dawa, anayewatibu wenzake. Gemu liliruhusu kuwapa majina. Watatu aliwaacha hivyo hivyo. Yule mama alimwandika Fransiska.

Kisha akawapanga kama mkulima yeyote wa plau angewapanga. Kwenye plau maksai wenye nguvu hufungwa nyuma, karibu na mzigo, na mbele hukaa wale wasikivu wanaojua njia. Basi mwenye ngao akaenda mkiani, na Fransiska akatangulia.

Miezi minne timu ilikwama hatua ya kumi na nne. Kila jioni alimkuta Fransiska amelala chini, na wale watatu wameanguka kumfuata. Alimwinua, akamrudisha mbele. Moyo ulimuuma, na alijiona mjinga kuumizwa na kapicha kadogo namna ile.

Wiki moja Marieta akatuma ujumbe: wenzake kwenye timu wamechoka kungoja, Jumapili nafasi itapewa mtu mwingine. Agustino alisoma mara tatu. Ahadi ile ndiyo kitu pekee kilichobaki kati yake na mwanawe. Lakini kumwomba msaada mtoto uliyemfundisha kutembea ni aibu. Alizunguka na aibu yake siku mbili. Ijumaa mchana, maksai wakipumzika, akajikumbusha kwamba kuuliza si ujinga, akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hawa watu wako wamenishinda. Wa mbele anakufa kila siku."

"Mbele umemweka nani?"

"Mganga."

Marieta akacheka, kicheko ambacho baba yake hakuwa amekisikia tangu msiba. "Baba! Umewafunga nira! Mbele anakaa mwenye ngao, maana huko ndiko wanakopigwa. Mganga mweke nyuma, alindwe."

"Huyu hakai nyuma," Agustino akasema, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe.

"Kwa nini?"

Agustino akawatazama maksai wake waliopumzika. "Miaka thelathini na moja mama yako ametembea mbele ya maksai wangu, ameshika kamba. Mimi huku kwenye plau naona mgongo wake tu. Nikimtoa mbele, nitaangalia nini?"

Kicheko kikakatika. Agustino akadhani ameharibu kila kitu. Kisha akasikia binti yake analia, bila kujificha.

"Baba, mama aliniulizia?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia mwaka mzima, akiogopa kumwongezea mtoto uchungu.

"Kila siku," akasema. "Asubuhi ile ya mwisho akaniambia, Marieta akifika amechelewa asijilaumu. Mwambie Pasaka nilimwona, nikashiba. Mimi nikashindwa kukwambia. Nisamehe."

Marieta alilia kwa muda mrefu, na Agustino akalia pia, katikati ya shamba, bila kujali nani anapita.

"Mweke nyuma, baba," Marieta akasema mwishowe. "Bado utamwona. Wote wanaonekana."

Agustino akapangusa kidole kwenye suruali. "Basi nielekeze pa kubonyeza," akasema. "Polepole, na usikate simu."